Kitambuzi chenye sifa zote hakipo



Mwaka wa 2025 watafiti wa Fermilab (karibu na Chicago), wa Caltech na wa JPL, ile maabara ya NASA, walitoa makala katika Journal of Instrumentation juu ya kifaa cha suprakondukta kinachoshika chembe zenye chaji zinazokimbia sana. Makala yenyewe ni nzuri. Lakini habari iliyotoka ndani yake na kuanza kutembea kwenye simu zetu ni kitu kingine. Makala inasema kwa unyenyekevu: tumepiga hatua ya kwanza. Habari inasema: mapinduzi, kwantamu, vitambuzi vya vipimo vinne, silisiamu imekwisha.

Leo naweka ile makala na ile habari kwenye mizani moja. Neno langu ni hili: kitambuzi kinachosifiwa kwenye habari hakiko popote. Watu wamechukua sifa bora ya kila kifaa, wameziunganisha katika sentensi moja, na sisi tunaishangilia. Hilo si kosa la waandishi wa habari peke yao. Ni ugonjwa ambao uko hata kwenye TFC zetu.

1. HII KITU IKO NAMNA GANI?

Metali zingine, ukizipoza sana, zinaacha kabisa kuupinga umeme. Heike Kamerlingh Onnes aliliona jambo hilo mwaka wa 1911 kule Leiden, Uholanzi, alipopoza zebaki mpaka karibu kelvini 4,2, ni kusema digrii 269 hivi chini ya sifuri yetu ya kawaida. Metali ya namna hiyo tunaiita suprakondukta. Ndani yake elektroni zinatembea mbili mbili, na kuziachanisha kunaomba nguvu kidogo sana.

Sasa chukua suprakondukta hiyo, uifanye uzi wenye unene wa nanomita chache tu, uukunjekunje kama njia ya mlimani mpaka ujaze eneo dogo. Pitisha umeme ndani, karibu na kiasi cha mwisho ambacho uzi unaweza kubeba. Chembe ikipita, inaacha joto kidogo pale ilipogusa. Pale elektroni zinaachana, uzi unakuwa metali ya kawaida, na umeme unajisukuma pembeni. Fikiria daraja lenye shimo katikati: magari yote yanajibana kwenye kando mbili, mpaka kando nazo zinafunga. Kwenye uzi ni vile vile. Kando zinabeba umeme kupita uwezo wao, upana wote unaacha kuwa suprakondukta, na uzi ambao haukuwa na upinzani hata kidogo unapata upinzani wa maelfu ya omu. Hapo njo ishara inatoka. Kiisha uzi unapoa, unarudia hali yake, unangojea chembe ingine.

Kuko namna mbili, na tofauti yake tutaihitaji mbele. Uzi wa nano una upana wa nanomita mia moja hivi. Kundi la Gol'tsman kule Moscow lilionyesha mwaka wa 2001 kwamba uzi wa namna hiyo unaweza kushika fotoni moja moja, ni kusema chembe za mwanga. Uzi wa maikro ni mpana zaidi, maikromita moja na kupita. Ulikuja nyuma, juu ni rahisi zaidi kufunika nao eneo kubwa. Ile makala ya 2025 inazungumza juu ya uzi wa maikro, uliotengenezwa kwa wolframi na silisiamu.

2. CHEMBE TAJIRI INAYOACHA FRANKA CHACHE

Kwenye jaribio la Fermilab kulikuwa protoni zenye nguvu ya elektronivolti miliari 120 (miliari moja ni milioni elfu moja). Mtu anafikiri: chembe yenye nguvu hivi, kuishika ni mchezo. Hapana. Chembe inayokimbia karibu na mwendo wa mwanga inapita kwenye kitu chembamba na haiachi karibu chochote. Tufanye hesabu kwa niobiamu, suprakondukta inayojulikana sana. Kwenye unene wa nanomita 10, chembe ya namna hiyo inaacha kwa wastani elektronivolti 11 hivi. Ni kama tajiri wa dola miliari 120 kupita mbele ya mlango wako na kukuachia dola 11. Na ule ni wastani. Wengi wanaacha chini ya hapo.

Silisiamu inatatua shida hiyo kwa unene. Kitambuzi cha silisiamu chenye maikromita 300 kinashika elektronivolti elfu 80 hivi. Ndani ya silisiamu, kila elektroni inayofunguliwa inaomba elektronivolti 3,6, kwa hiyo tunapata elektroni zaidi ya elfu 20. Ishara ni nzuri. Suprakondukta inaenda kwa njia ingine. Kwenye niobiamu, kuachanisha elektroni mbili kunaomba karibu elfu tatu za elektronivolti moja (0,003), mara elfu moja chini ya silisiamu. Zile elektronivolti 11, ambazo kwenye silisiamu zingefungua elektroni tatu tu, hapa zinaweza kuvunja jozi elfu na zaidi. Njo maana watu wanaipenda. Inasikia mnong'ono.

Na hapa habari inakosa heshima kwa historia. Mwaka wa 1949 Andrews, Fowler na Williams, wa Johns Hopkins kule Marekani, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba chembe za alfa zinaamsha ishara kwenye kipande cha nitridi ya niobiamu kilichopozwa. Miaka zaidi ya 70 imepita. Kwa hiyo ukisoma "mara ya kwanza suprakondukta inashika chembe", ujue sio kweli. Lakini usiruke upande wa pili na kusema hakuna jipya. Alfa ya 1949 inakimbia polepole na ina chaji mbili. Karatasi moja inaisimamisha, na inapoingia kwenye metali inaacha nguvu yake yote mahali padogo. Yeye njo tajiri anayelala kwako na kumwaga pesa zote mezani. Protoni ya 120 inapita tu. Kushika huyu wa pili, na kupima unamshika mara ngapi, ni kazi tofauti kabisa.

3. MAKALA ILIFANYA VIZURI NINI

Kritiki ya haki inaanza na mazuri. Mimi naona matatu.

La kwanza, hawakushika chembe tu na kupiga kelele. Walipima ufanisi: kwenye chembe mia zilizopita, ngapi zilishikwa? Ili kujua hiyo lazima ujue kwa njia ingine kwamba chembe ilipita kweli, na ilipita wapi. Waliweka darubini ya vitambuzi vya silisiamu kwenye njia ya chembe. Kwa protoni ilionyesha mahali kwa usahihi wa maikromita 30. Kwa elektroni na pioni za elektronivolti miliari 8, maikromita 130. Bila shahidi wa namna hiyo, ufanisi ni maneno tu.

La pili, walitumikisha chembe za namna tatu: protoni, elektroni na pioni. Mtu angeweza kusimama kwenye moja na kuandika "chembe" kwa jumla. Wao hapana.

La tatu, walitoa namba yao ya wakati bila kuipamba: nanosekunde 1,15. Wangeweza kuificha kwenye jedwali la mwisho. Wameiweka kwenye muhtasari, mbele ya macho ya wote. Nawapongeza, juu namba hiyo njo inabomoa ile habari.

4. TATIZO IKO WAPI?

Tuanze na wakati. Habari inasema vitambuzi hivi vitatambua chembe "kwa mahali na kwa wakati", njo vipimo vinne. Kwenye LHC, ile mashine kubwa ya CERN, vikundi vya protoni vinakutana kila nanosekunde 25. Mashine hiyo inapanuliwa, na kiisha kuko kutegemewa migongano mpaka 200 kwenye mkutano mmoja. Ile 200 inatawanyika ndani ya pikosekunde karibu 200 tu. Ukitaka kuitenganisha kwa wakati, saa yako iwe na pikosekunde 30 ao 50. Vitambuzi vya silisiamu vya namna mpya, vinavyotayarishwa kwa ajili ya ATLAS na CMS, vinafika hapo. Nanosekunde 1,15 ni pikosekunde 1150. Ni mara 20 na zaidi polepole kupita silisiamu ambayo tunaambiwa imekwisha. Kwa muda huo mwanga unatembea sentimita 34. Kwa pikosekunde 30, unatembea milimita 9.

Sasa, kwa nini watu wanasema suprakondukta ina saa kali kupita zote? Juu mwaka wa 2020 kundi la wataalamu lilifika chini ya pikosekunde 3. Kweli kabisa. Lakini ilikuwa uzi wa nano, mfupi sana, na ulikuwa unashika fotoni. Haukuwa uzi wa maikro, haukufunika milimita, haukupigwa na protoni. Hapo njo ujanja unafanyika: pikosekunde 3 zinatoka kwenye kifaa kimoja, eneo kubwa linatoka kwenye kingine, protoni zinatoka kwenye jaribio la tatu. Msomaji anapata kitambuzi kimoja chenye sifa zote. Kitambuzi hicho hakipo.

Mahali je? Kifaa cha Fermilab kina eneo la milimita 2 kwa 2, lililogawanywa pikseli 8. Ni nusu milimita mraba kwa kila pikseli. Pikseli ya CMS ilikuwa maikromita 100 kwa 150. Ndani ya pikseli moja ya suprakondukta ile zinaingia zaidi ya 30 za CMS. Kwa hiyo kwa mahali pia silisiamu bado iko mbele. Hata kwenye jaribio lenyewe, nani alikuwa shahidi wa kusema chembe imepita wapi? Silisiamu.

Eneo lote sasa. Milimita mraba 4. Silisiamu ya kufuatilia chembe ndani ya CMS ina mita mraba 200 hivi. Ugawanye: unahitaji vifaa kama hivyo milioni 50. Ao tufanye kipimo cha nyumbani. Muoni zinazotoka angani zinapita karibu moja kila dakika kwenye kila sentimita mraba, kwa usawa wa bahari. Ukiweka kile kifaa juu ya meza, kingepata muoni moja kila dakika 25. Njo sababu lazima wakipeleke mbele ya mashine inayomwaga chembe.

Na baridi? Vitambuzi hivi vinaomba kelvini chache, ao hata chini ya kelvini moja. Silisiamu ya LHC nayo inapozwa, lakini kwa digrii makumi machache tu chini ya sifuri ya kawaida. Gharama ya baridi haionekani kwenye kichwa cha habari.

5. UPANDE WA KUJITETEA

Mtu atanijibu: wewe unahukumu mtoto aliyezaliwa jana kwa kipimo cha mzee. Silisiamu imefanyiwa kazi kwa miongo mingi. Jibu hilo nalikubali nusu. Uzi ule haukutengenezwa kwa ajili ya protoni. Ulitoka kwenye kazi ya fotoni. Uzi mrefu unaofunika eneo kubwa unachelewesha ishara, na watu wanajua njia za kurekebisha. Na taasisi zenyewe zilisema zinatazama mashine za baadaye. Ni njiani kuja kwetu ndipo neno "baadaye" lilianguka.

Tena, kuko mahali ambapo suprakondukta inaweza kushinda hata leo bila kushindana na silisiamu kwenye mita mraba 200. Sumaku za LHC zenyewe ni suprakondukta, niobiamu na titani, zinakaa kwenye kelvini 1,9. Baridi iko tayari imelipwa. Watafiti wa Argonne, kule kule Illinois, walionyesha kwamba nyuzi za nano za nitridi ya niobiamu zinaweza kufanya kazi ndani ya sumaku kali ya tesla 5, na wamezijaribu mbele ya protoni za Fermilab pia. Kitambuzi kidogo, kilichowekwa ndani ya sumaku baridi, kando kabisa ya njia ya chembe: hapo ndipo naona kazi yake. Ni kazi ndogo kuliko mapinduzi, lakini ni ya kweli. Kama habari ingesema hivyo, nisingeandika hii makala.

6. "HII NI KOLTANI YETU!"

Najua komenti itakayokuja, kwa hiyo naijibu mapema. Neno koltani limetoka kwa kolumbiti na tantaliti. Kolumbiti ina kolombiamu, jina la zamani la niobiamu. Wale wa Johns Hopkins walitumikisha jina hilo la zamani. Niobiamu iko pia Lueshe, Rutshuru. Wolframi nayo inachimbwa kwetu. Basi tunaanza: "Bila sisi hakuna kwantamu!"

Tupige hesabu kwanza. Tufunike mita mraba 200, ukubwa wa silisiamu yote ya CMS, kwa niobiamu ya unene wa nanomita 5. Mita 200 mraba mara nanomita 5 ni sentimita moja ya ujazo. Uzito wake ni gramu 8 na nusu. Gramu! Inaingia kwenye kijiko cha chai. Kwa kile kifaa cha milimita 4 mraba, hata sehemu moja ya milioni ya gramu haifiki. Na sehemu kubwa ya niobiamu ya dunia inatoka Brazil, haitoki kwetu.

Kwa hiyo thamani ya hii kitu haiko kwenye jiwe. Iko kwenye kuchora uzi wa nanomita bila kuukata, kwenye friji ya heliamu inayosimama wiki nzima bila umeme kukatika, na kwenye vichwa vinavyojua kusoma ishara. Mambo ya sumaku ni tofauti. Huko wanatumikisha metali kwa tani. Lakini kwa vitambuzi, hoja ya "tuna madini" ni dhaifu sana, na mwanafunzi wa fizikia anayeitumikisha anajidanganya mwenyewe. Inatuliwaza wakati labo zetu hazina hata nitrojeni ya maji.

7. SISI NA TFC ZETU

Mbona naleta hii maneno kwenye ukurasa wa ma-diplome? Juu kila mwaka kuko mdogo wetu anayetafuta kichwa cha TFC ao cha mémoire. Anasoma habari kama hii, anaandika "Matumizi ya vitambuzi vya kwantamu nchini Kongo", anakusanya sifa bora kutoka kurasa kumi, na kwenye utetezi profesa anauliza swali moja: kwenye joto gani? Ukumbi unanyamaza. Mwaka umepotea, na huyo kijana alikuwa na akili ya kufanya kazi ya kweli.

Kazi ya kweli iko. Vipande viwili vya plastiki inayotoa mwanga chembe ikipita, kila kimoja na kitambuzi chake kidogo cha mwanga, na kompyuta ndogo ya kuhesabu. Kuko mpango wa MIT unaoitwa CosmicWatch, ulioonyesha kwamba kifaa kimoja cha namna hiyo kinaweza kutengenezwa kwa dola 100 hivi. Weka viwili, kimoja juu na kimoja chini, na cha tatu katikati unachotaka kukipima. Wakati wa juu na wa chini vinasema "imepita", uhesabu mara ngapi wa katikati amesema "ndiyo". Hiyo ni njia ile ile ya Fermilab, bila baridi, bila visa. Mwanafunzi aliyefanya hivyo kwa mikono yake hataambiwa kitu na kichwa cha habari. Atauliza mwenyewe: ufanisi ngapi, kwenye eneo gani, kwa chembe gani, kwenye joto gani, na je, namba zote zinatoka kwenye kifaa kimoja?

Mimi naomba hilo swali la mwisho liwe desturi ya ukurasa huu. Mtu akileta habari ya betri mpya, ya dawa mpya, ya mbegu mpya, ya kitambuzi kipya, tumuulize kwa upole: kaka, dada, hizi namba zote ni za kitu kimoja? Kama ndiyo, tushangilie pamoja. Kama hapana, tusome makala yenyewe kabla ya kuishirikisha.

Wale wa fizikia ya hali yabisi, naomba mnisahihishe pale nilipofupisha mno, hasa kwenye uzi mrefu na ucheleweshaji wa ishara. Na kama kuko mtu aliyekwisha kutengeneza kile kifaa cha muoni kwenye iniversite yake, aweke picha na hesabu zake hapa chini. Tutaanza na hizo.